Historia ya Utunzaji wa Piano za Tamasha katika Shule za Muziki za Vyuo Vikuu: Mfano wa Oberlin na Funzo lake kwa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi kazi ya kutunza na kurekebisha piano za tamasha ilivyoibuka, ikakua na hatimaye kupata idara yake katika shule za muziki za vyuo vikuu. Mfano mkuu ni Konsavatori ya Oberlin iliyoko katika jimbo la Ohio, Marekani. Makala yanadai kwamba gharama halisi ya piano haimo katika bei ya kuinunua bali katika kazi ya kila siku isiyoonekana na hadhira, na kwamba kazi hiyo huachwa nje ya bajeti kwa urahisi pale inapokosa jina. Uhusiano wa historia hiyo na Afrika Mashariki unaonyeshwa kupitia biashara ya pembe za ndovu. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa watunga sera na kwa wanaistilahi wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Historia ya muziki imezoea kuandikwa kwa majina ya watunzi na wapigaji. Mtunzi hutajwa, mpigaji husifiwa, na pengine kiwanda kilichounda ala hukumbukwa kwa chapa yake iliyoandikwa kwa dhahabu ubavuni. Mtunzaji hatajwi. Katika Kiswahili, maneno mtunzi na mtunzaji yanakaribiana kimatamshi ingawa yametokana na vitenzi viwili tofauti, tunga na tunza. Ukaribu huo unafaa kutukumbusha kwamba kilichotungwa hakisikiki ipasavyo iwapo kilichokabidhiwa kukisikizisha hakikutunzwa.

Piano yenyewe ina historia ya kuvutia katika msamiati wa Kiswahili. Neno kinanda lilitumika pwani kwa ala za nyuzi zinazodonolewa, kama vile gambusi, kabla ya kupanuka na kubeba kinanda cha kanisani, mashine ya kuchezea santuri, na piano. Upanuzi huo uliwarahisishia wazungumzaji kuitaja ala nzima. Haukuwapa maneno ya kutajia viungo vyake, wala kazi zinazofanywa juu ya viungo hivyo. Pengo hilo linaweza kuonekana dogo. Hata hivyo, kama itakavyodhihirika, lina athari katika namna taasisi zinavyopanga fedha zake.

2.0 Chombo kilichomzidi mpigaji wake

Bartolomeo Cristofori, fundi wa familia ya Medici mjini Florence, ndiye anayetambuliwa kuwa muundaji wa piano ya kwanza. Orodha ya ala za familia hiyo ya mwaka 1700 tayari inataja chombo chake kilichoweza kutoa sauti ya chini na ya juu kwa kadiri ya nguvu ya kidole. Piano zake 3 zingali zipo: ya mwaka 1720 iko New York, ya 1722 iko Roma, na ya 1726 imo katika makumbusho ya ala za muziki ya Chuo Kikuu cha Leipzig. Kiini cha ubunifu wake kilikuwa mwachio, yaani utaratibu unaoiachia nyundo kabla tu haijagusa uzi, ili nyundo iruke, igonge na kurudi. Pasipo mwachio, nyundo ingebaki imeukandamiza uzi na kuizima sauti iliyotoka kuizaa.

Katika karne ya 19 chombo hicho kilibadilika mno. Mwaka 1821 kampuni ya Érard ilipata hataza ya mwachio wa mara mbili, uliomwezesha mpigaji kurudia sauti ileile kwa kasi bila kukiinua kibonyezo hadi juu. Mwaka 1825 Alpheus Babcock wa Boston alisajili fremu ya chuma iliyosubuliwa kwa kipande kimoja. Mwaka uliofuata, mjini Paris, Jean-Henri Pape alianza kuvika nyundo felti, yaani manyoya yaliyoshindiliwa, badala ya ngozi. Mwaka 1859 Henry Steinway mdogo, wa kampuni iliyoanzishwa New York mwaka 1853, alisajili piano kubwa ya mlalo ambayo nyuzi zake nene za chini hupita juu ya nyuzi nyingine kwa kukingamana.

Kila hatua ilileta faida, na kila faida ilileta mzigo. Fremu ya chuma iliruhusu mvuto mkubwa wa nyuzi. Leo jumla ya mvuto huo katika piano ya tamasha hukaribia tani 20. Felti ilileta sauti pana na laini, lakini hushindiliwa zaidi na kuchimbika mifereji kwa kila pigo. Mwachio wa mara mbili ulileta wepesi, lakini uliongeza viungo vinavyopaswa kupatana kwa vipimo vya nusu milimita. Mpigaji wa hapsikodi wa karne ya 18 alitarajiwa kurekebisha nyuzi zake mwenyewe, kama vile mpigaji wa kanuni katika taarabu anavyofanya hadi leo kabla ya onyesho. Mpigaji wa piano wa mwishoni mwa karne ya 19 hakuweza tena. Piano kubwa ya tamasha ya Steinway ina urefu wa takribani mita 2.74, uzito wa takribani kilo 480 na sehemu zinazokadiriwa kufikia 12,000. Chombo kilikuwa kimemzidi mpigaji wake, na hapo ndipo fundi alipohitajika.

3.0 Oberlin na mwaka 1877

Chuo cha Oberlin kilianzishwa mwaka 1833 na kinajulikana katika historia ya elimu ya Marekani kwa uamuzi wake wa mwaka 1835 wa kupokea wanafunzi weusi. Konsavatori yake ya muziki ilianza mwaka 1865 na kuunganishwa na chuo mwaka 1867. Mwaka 1877 ilianza uhusiano na kampuni ya Steinway ambao haujakatika hadi leo, na sasa ina zaidi ya piano 200 za kampuni hiyo.

Mwaka huohuo wa 1877, mjini Boston, shule ya wasioona ya Perkins ilipewa mkataba wa kutunza piano za shule za umma za mji huo. Matukio haya mawili hayakuhusiana, lakini yakiwekwa pamoja yanaonyesha pande mbili za suala moja. Taasisi moja iliamua inunue nini. Mamlaka nyingine iliamua nani atatunza kilichokwisha kununuliwa, ikaingia mkataba na kutenga fedha. Uamuzi wa kwanza huandikwa katika vijitabu vya matangazo ya vyuo. Uamuzi wa pili ndio unaowezesha wa kwanza kudumu.

Uamuzi wa Oberlin wa kutegemea kiwanda kimoja una faida na hasara za wazi. Kwa upande mmoja, vipuri, vipimo na ujuzi vinakuwa vya aina moja; anachojifunza fundi katika chumba kimoja cha mazoezi kinamfaa katika vyumba vyote. Kwa upande mwingine, taasisi inajifunga kwa mtengenezaji mmoja na bei zake. Hata hivyo, mizani hiyo haiwezi kupimwa bila kuzingatia ukubwa wa kazi. Piano ya tamasha ina vibonyezo 88 na nyuzi zipatazo 230. Kwa piano 200, hizo ni nyuzi zinazokaribia 46,000 na vibonyezo 17,600, na kila kimoja kina nyundo yake. Kazi ya ukubwa huo haiwezi kuachiwa fundi wa kuitwa mara mbili kwa mwaka.

Piano za shule kama hiyo pia hazina hali sawa. Piano ya jukwaani hurekebishwa sauti kabla ya kila tamasha. Piano ya chumba cha mwalimu husikilizwa na masikio makali kila siku. Piano ya chumba cha mazoezi hupigwa na wanafunzi wengi kwa saa nyingi, na ndiyo inayochakaa upesi zaidi. Kishawishi cha kila taasisi ni kuitunza ya jukwaani na kuisahau ya mazoezi, kwa kuwa wageni hawafiki vyumba vya mazoezi. Lakini mwanafunzi hujenga mkono wake katika chumba cha mazoezi. Akizoea kibonyezo kisichojibu pigo jepesi, atajifunza kutumia nguvu pale palipohitaji utaratibu, na mazoea hayo atapanda nayo jukwaani.

4.0 Kazi tatu zinazodhaniwa kuwa moja

Watu walio nje ya ufundi huu huita kazi yote kwa jina moja: kutyuni. Kwa hakika zipo kazi 3, kila moja ikiwa na zana zake, muda wake na madhumuni yake.

Ya kwanza ni ulinganishaji wa sauti. Fundi hukaza au kulegeza misumari inayoshikilia nyuzi hadi sauti ya A iliyo juu ya C ya katikati ifikie mitetemo 440 kwa sekunde, kipimo kilichokubaliwa katika mkutano wa London mwaka 1939. Kutokana na sauti hiyo, hupanga nyingine zote. Sauti nyingi zina nyuzi 3 kila moja, na nyuzi hizo hazina budi kusikika kama uzi mmoja. Fundi husikiliza mapigo, yaani mawimbi ya sauti yanayopanda na kushuka pale nyuzi mbili zinapokaribiana bila kulingana. Katika mfumo wa mgawanyo sawa, baadhi ya mapigo hayo huachwa makusudi kwa kiasi maalumu, ili nyimbo za funguo zote ziweze kupigwa. Kwa hiyo fundi hatafuti ukamilifu wa kila jozi ya sauti. Anagawa kasoro ndogo kwa haki ili pasiwe na mahali panapoumiza sikio.

Ya pili ni urekebishaji wa mtambo. Hapa hapaguswi sauti bali mwendo. Kibonyezo hushuka takribani milimita 10. Nyundo hukaa takribani milimita 45 chini ya uzi. Mwachio hutokea nyundo ikiwa imebakiza milimita 1 au 2 kuufikia uzi. Nyundo ikirudi, hudakwa na kipokezi ili isidunde mara ya pili. Vipimo hivi hutegemeana. Ukibadilisha kina cha kibonyezo, umebadilisha wakati wa mwachio. Ndiyo maana kazi hufanywa kwa mfuatano na kurudiwa tangu mwanzo mara kwa mara. Piano iliyolinganishwa sauti vizuri lakini mtambo wake umelegea ni mfano wa mzungumzaji mwenye sauti nzuri na ulimi mzito.

Ya tatu ni upangaji wa rangi ya sauti. Felti iliyoshindiliwa na mapigo mengi hutoa sauti kali na nyembamba. Fundi huiparua kwa msasa ili kuirejeshea umbo, kisha huidunga kwa sindano katika sehemu maalumu ili ilainike. Akidunga mahali pasipofaa, ameiharibu nyundo. Kazi hii haina kipimo kinachosomeka kwenye mashine. Hutegemea mazungumzo kati ya fundi, mpigaji na ukumbi.

Taasisi inayolipia kazi ya kwanza pekee hudhani imetunza piano zake. Imelipia theluthi ya utunzaji.

5.0 Unyevu na funzo la Tefloni

Adui mkuu wa piano ni mabadiliko ya unyevu. Ubao wa sauti hunywa unyevu wa hewa, hutanuka na kuzikaza nyuzi; hewa ikikauka, hunywea na nyuzi hulegea. Katika jimbo la Ohio, kiangazi huwa na unyevu mwingi, na wakati wa baridi mitambo ya kupasha joto hukausha hewa ya ndani. Kwa sababu hiyo piano iliyolinganishwa mwezi wa Agosti haitarajiwi kuwa sawa mwezi wa Januari. Mafundi hupendekeza unyevu wa kiwango cha asilimia 40 hadi 50, na husisitiza zaidi kwamba usiyumbe.

Mwaka 1962 kiwanda cha Steinway cha New York kilijaribu kulimaliza tatizo hilo katika mtambo. Badala ya kitambaa cha sufu kilichozungushiwa vipini vidogo vya viungo, kiliweka bushi za Tefloni, ambazo hazinywi unyevu. Hoja ilikuwa na mantiki: kisichobadilika hakitahitaji marekebisho. Lakini Tefloni ilikaa ndani ya mbao, na mbao ziliendelea kutanuka na kunywea kama zilivyoumbwa. Viungo vikalegea au kubana kwa kufuata majira, na baadhi vikatoa mlio wa kugonga uliosikika katikati ya muziki. Mapema katika miaka ya 1980 kiwanda kilirejea kwenye kitambaa. Piano nyingi za miaka hiyo zilibadilishwa viungo, na gharama ikawaangukia wenye piano.

Funzo la tukio hili si kwamba teknolojia mpya haifai. Tefloni ilibuniwa ili kupunguza kazi ya fundi, lakini fundi ndiye aliyeitwa kuiondoa. Kifaa kinachoahidi kuondoa utunzaji huahirisha utunzaji tu, na deni lililoahirishwa hulipwa na riba.

Kwa miji ya pwani kama Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, suala hili lina uzito wa pekee. Unyevu uko juu karibu mwaka mzima, na hewa ya chumvi hutia kutu nyuzi za chuma. Mtu angedhani kiyoyozi ni suluhisho. Kiyoyozi kinachowashwa jioni ya tamasha na kuzimwa baada yake huongeza mabadiliko yaleyale yanayoidhuru ala. Ni afadhali chumba chenye hali ya wastani isiyoyumba kuliko chumba kinachopozwa kwa ajili ya wageni.

6.0 Vibonyezo vyeupe na njia ya Unguja

Piano za Marekani za karne ya 19 zina uhusiano na Afrika Mashariki ambao wapigaji wake wengi hawakuufikiria. Vibonyezo vyeupe vya piano hizo kwa kawaida vilifunikwa kwa vipande vyembamba vya pembe za ndovu. Sehemu kubwa ya pembe hizo ilipita katika soko la Unguja. Marekani ilikuwa na mkataba wa biashara na Sayyid Said tangu mwaka 1833 na konseli Unguja tangu mwaka 1837. Katika jimbo la Connecticut, viwanda vya Deep River na vya mji uliopewa jina la Ivoryton, yaani mji wa pembe, vilikata pembe hizo na kuzianika juani katika mabanda ya vioo ili ziwe nyeupe.

Upande wa pili wa njia hiyo umeandikwa kwa Kiswahili. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip, alieleza safari na vita vyake vya kutafuta pembe katika habari za maisha yake, zilizochapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Wapagazi waliobeba pembe hadi Bagamoyo, baadhi yao wakiwa watumwa, hawakuiona piano. Kazi yao pia ilikuwa miongoni mwa kazi zisizoonekana zilizoifikisha ala hiyo ukumbini.

Kiwanda cha Steinway cha New York kiliacha pembe katikati ya miaka ya 1950 na kutumia plastiki. Tangu biashara ya kimataifa ya pembe ilipopigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, fundi anayetunza piano za zamani amekuwa pia mshika sheria. Hawezi kuagiza pembe mpya kukarabati kibonyezo, na piano yenye pembe haivuki mpaka bila vibali. Taasisi ya Afrika Mashariki inayopewa zawadi ya piano ya zamani kutoka nje inapaswa kujua jambo hili kabla ya kuipokea.

7.0 Elimu na hadhi ya fundi

Mwaka 1836 Claude Montal, Mfaransa asiyeona, alichapisha mjini Paris kitabu cha kufundisha ulinganishaji wa piano. Alikuwa amejifunza kazi hiyo katika taasisi ya vijana wasioona, ambako mwanzoni watu walitilia shaka kwamba asiyeona angeweza kuifanya. Mfano wake ulifungua njia ya ajira iliyofuatwa katika nchi nyingine, na mkataba wa Perkins wa mwaka 1877 ni tunda la mti huohuo. Historia hii inawahusu moja kwa moja watunga sera wa elimu jumuishi.

Marekani, vyama viwili vya mafundi viliungana mwaka 1957 na kuunda Chama cha Mafundi Piano, ambacho huwatahini wanachama katika maandishi, ulinganishaji wa sauti na ufundi wa mtambo. Chama hicho kimetoa mwongozo kwa taasisi. Ukokotozi uliomo unaanzia kwenye makadirio ya piano 60 kwa fundi mmoja wa kudumu, kisha idadi hiyo hupunguzwa au kuongezwa kwa kuzingatia hali ya hewa, umri wa ala, saa za matumizi na ubora unaotakiwa. Oberlin yenyewe ilianzisha mafunzo ya stashahada ya ufundi wa piano kwa kushirikiana na kiwanda. Kwa hatua hiyo, karakana iliyokuwa ya huduma ikawa pia darasa.

8.0 Istilahi na sera

Katika bajeti za taasisi nyingi za umma, neno matengenezo hubeba kila kitu: paa, mabomba, magari na ala za muziki. Fungu lisilo na jina lake ndilo hukatwa kwanza. Kwa hiyo kazi ya mwanaistilahi hapa si pambo. Zabuni haiwezi kuomba huduma isiyotajika, na mkaguzi hawezi kuuliza kama imefanyika. Makala yanapendekeza matumizi ya maneno yaliyotumika humu: ulinganishaji wa sauti, urekebishaji wa mtambo, upangaji wa rangi ya sauti, mwachio, kipokezi na ubao wa sauti. Mengi yameundwa kwa mizizi ambayo fundi seremala wa kawaida anaielewa, na hilo ni muhimu, kwa kuwa mafundi wa kesho watatoka miongoni mwa mafundi waliopo.

Mapendekezo ya kisera ni 4. Kwanza, kila ununuzi au upokeaji wa piano uambatane na fungu la utunzaji la kila mwaka, likiwa limetenganisha kazi 3 zilizoelezwa. Pili, unyevu wa vyumba vya piano upimwe na kuandikwa kila siku. Kipimo chake ni cha bei ndogo. Tatu, vyuo vya ukanda huu vishirikiane kuajiri na kufundisha mafundi, kwa kuwa chuo chenye piano chache hakiwezi kumwajiri fundi wa kudumu peke yake. Nne, mafunzo hayo yafunguliwe kwa wasioona tangu mwanzo.

9.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa inaonyesha kwamba shule ya muziki yenye piano nzuri ni ile iliyokubali kuzilipia kila mwaka, si ile iliyozinunua kwa fahari mara moja. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika piano ufa huanza kwa felti iliyoshindiliwa na mwachio uliosogea nusu milimita, mambo ambayo mkaguzi wa mali hayaoni kwa macho. Anayeyaona ni fundi, naye huyaona iwapo ameajiriwa, amefundishwa, na kazi yake ina jina katika lugha ambayo bajeti imeandikwa.